Kadi Moja, Mfuko Mmoja

Jumapili ile baba alipopiga honi nje ya nyumba yangu, nilitoka na koti na chupa ya kahawa, nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele wa gari, kama nilivyofanya tangu nina miaka kumi na mmoja. Kwenye kiti changu alikuwa amekaa mwanamke. Nywele nyeupe zimekatwa vizuri, koti la zambarau, na mapajani amepakata albamu yetu kama mjukuu.

"Panda nyuma, Lorna," baba akasema. "Miguu ya Ione inavimba akikaa nyuma."

Miguu yangu mimi, inayosimama kliniki siku nzima nikisafisha meno ya nusu ya mji wa Toledo, haikuulizwa hali. Nikapanda nyuma.

"Hujambo, mwanangu," yule mwanamke akageuka na kunipa mkono. "Nimesikia habari zako mpaka basi."

"Mimi zako sijasikia," nikasema.

Uongo. Nilikuwa nimezisikia. Kwaresima iliyopita, kwenye samaki wa Ijumaa katika ukumbi wa kanisa, baba alimbebea Ione Sattler sahani ya pili, na tangu hapo "Ione anasema" ikawa ndiyo salamu nyumbani kwake. Ione anasema kahawa ya jioni inaharibu moyo. Ione anasema mapazia yamezeeka. Mapazia hayo aliyashona mama yangu, na mama yangu alikuwa na miaka mitatu tu kaburini.

Nimelea wavulana watatu. Najua ugomvi wa kiti cha mbele nikiuona, na najua mtu mzima hatakiwi kuwa nao. Nilikuwa nao hata hivyo, kutoka nyumbani kwangu hadi mpaka wa jimbo la Michigan.

Kilichoniuma zaidi ni albamu. Mwaka 1957 kampuni moja ya chingamu ilikuwa inatia ndani ya pakiti kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli. Watoto walitafuna chingamu, wakabaki na wachezaji. Baba alikuwa na miaka kumi na miwili, akajaza boksi zima la viatu. Alipokwenda jeshini, bibi akalitupa, kama walivyofanya bibi wote wa Ohio. Nilipofikisha miaka kumi na mmoja baba akaamua kuikusanya upya seti nzima ya mwaka ule, na akanichagua mimi niwe mwenzake. Kaka yangu alitaka kwenda kuvua samaki. Mimi nilitaka kwenda na baba.

Lengo la kwanza lilikuwa jepesi: kadi zote, hali yoyote. Tulichukua zilizokunjwa, zilizoliwa na panya, zilizochorwa. Nilipomaliza chuo, nikapata stashahada yangu na mshahara, mimi ndiye niliyebadilisha lengo. Nikamwambia baba kwamba seti chafu ni kama kinywa chenye meno yote lakini yameoza. Tukaanza kutoa kadi mbovu moja moja na kuweka safi: kona kali, rangi hai, hakuna mkunjo. Tulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hatununui kwa picha. Kadi lazima ishikwe mkononi, mezani, mbele ya muuzaji. Ya pili, kadi moja mfuko mmoja, ili ukifungua ukurasa wa plastiki uone sura mbele na maandishi nyuma.

Ilibaki moja. Hub Castellan, mdakaji wa akiba wa Detroit, mtu aliyepasha benchi joto maisha yake yote. Mashuhuri tulikuwa nao wote. Castellan hakuwa na maana yoyote, ila kadi yake ilichapwa msimu unaisha, watoto wamerudi shule, maduka hayaitaki tena, na zilizobaki ni chache. Mfuko wake ulikuwa mtupu kwenye ukurasa wa mwisho, na kila mwaka baba alisema, "Castellan tutamwingiza pamoja, binti yangu. Wewe ushike upande mmoja, mimi upande mmoja."

Nilikuwa na miaka hamsini na tatu na bado nilikuwa naingoja siku hiyo kama mtoto anavyongoja Krismasi.

*

Soko la kadi la Monroe, mji wa ng'ambo ya mpaka huo, hufanyika kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu. Meza ndefu, taa za kuumiza macho, wanaume wenye matumbo wakilinda vioo.

"Bi Rula kafika!" Augie akapaza sauti kutoka meza ya kwanza. "Jamani, ficheni vitu!"

Augie ameniita hivyo miaka mingi. Kuna wahuni wenye wembe. Wanachukua kadi iliyochakaa kona, wanaipunguza kidogo kila ukingo, kona zinarudi kuwa kali kama mpya. Macho hayaoni. Dawa yake ni kuilaza juu ya kadi nyingine ya seti ileile: iliyokatwa itakuwa fupi kwa unywele mmoja. Mimi hulaza kila kadi, mbele ya mwenye meza, bila kuona haya. Augie mara ya kwanza alinuna. Siku hizi ananiletea kadi yake mwenyewe ya kupimia.

Siku hiyo nilipata kwake kadi ya mrushaji wa Chicago, safi kuliko wetu mara mbili. Nikaigeuza, nikailaza, nikaipenda. Nikaenda kumwonyesha baba. Nilimkuta chini ya meza ya mtu mwingine, amepiga magoti na magoti yake yale mabovu, yeye na Ione, wamezama kwenye sanduku la kadi mbovu zinazouzwa kwa fungu. Wanacheka. Baba yangu hacheki sokoni. Sokoni tunafanya kazi.

"Baba, tazama kona hizi."

Akatazama kama unavyotazama picha ya mtoto wa jirani. "Nzuri. Iweke."

"Niiweke? Huilazi?"

"Umeilaza wewe, imetosha. Lorna, hebu mwone huyu." Akanipa kadi iliyokunjwa katikati. Mchezaji alikuwa amechorwa miwani kwa wino.

"Hiyo ni takataka, baba."

"Mtoto alimvalisha miwani! Unajua kwa nini?"

"Alikosa mpira," Ione akasema, na wakaanza kucheka upya, wameshikana mikono ili wasianguke.

Saa ya chakula tukaketi na soseji zetu za mchuzi. Baba alifuta mdomo, akakunja karatasi yake mara nne. Akikunja karatasi hivyo ujue ana neno.

"Nimebadilisha lengo," akasema.

"Lengo la nini?"

"La seti. Ione ana boksi la kaka yake, Delmar. Zote za mwaka wetu. Amezichora, amezibandika ukutani, mchezaji akiuzwa timu nyingine Delmar anakata jina la mji na kuandika jipya. Mwanangu, nilizishika nikasikia harufu ya nyumbani kwetu. Nataka kuzitoa zile safi moja moja na kuingiza hizi."

Nilitafuna, nikameza. "Unataka kutoa kadi tulizotafuta miaka thelathini, uingize takataka."

"Delmar hakuwa takataka," Ione akasema taratibu. "Alikuwa fundi bomba."

"Simsemi yeye, Bi Ione. Nasema kadi. Kadi ina hali, na hali ina majina. Hizo ni mbovu."

"Ni za mtu," baba akasema. "Hizi zetu safi, Lorna, unajua kwa nini ni safi? Kwa sababu hakuna mtoto aliyezitaka. Zilikaa kabatini."

"Mbona hukusema hivyo wakati wote huo?"

"Wewe ulibadilisha lengo nikakufuata. Sasa zamu yangu."

Nikasukuma soseji yangu pembeni. Kisha Ione akaniongezea msumari. Alinishika mkono, vidole vyake vya baridi, akasema kwa furaha kabisa, "Na unajua nini, mwanangu? Nafikiri Delmar alikuwa na yule wenu. Castellan. Alikuwa ukutani juu ya kitanda chake. Nitamtafuta. Nikimpata nitamleta siku ya baba yako kutimiza themanini."

Baba alimtazama Ione. Nilimwona anavyomtazama. Mbele ya macho yangu, mfuko wetu wa mwisho ulikuwa umepewa mtu mwingine.

Kurudi nyumbani nilikaa nyuma tena. Mrushaji wangu wa Chicago alibaki mfukoni mwa koti. Hakuna aliyemuulizia.

*

"Unamwonea wivu bibi wa miaka sabini na sita," mume wangu Dale alisema. Alikuwa anamenya viazi. Dale husema mambo mazito akiwa anamenya kitu, ili asikutazame.

"Simwonei wivu. Simpendi, basi."

"Kakufanyia nini?"

"Ananiita mwanangu."

"Mama yangu pia anakuita mwanangu."

"Mama yako simpendi pia, na unalijua hilo."

Akacheka. Kisha akaacha kumenya. "Mzee ana furaha, Lorna. Tangu mama yako aondoke sijamwona hivi."

Hapo ndipo paliponichoma. Miaka mitatu nilimpelekea baba supu kila Jumatano. Nilimpanga dawa zake. Nilimpeleka kila soko la kadi kutoka hapa mpaka Fort Wayne ili atoke ndani ya ile nyumba. Furaha haikuja. Akaja mtu na boksi la viatu na sahani ya samaki, furaha hiyo hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji mwingine hapa hakupona.

"Viazi vyako vina macho," nikamwambia Dale. "Vitoe vizuri."

Kesho yake, mapumziko ya mchana, nikiwa na glavu bado mkono mmoja, nilifungua simu nikatafuta Castellan mtandaoni. Sheria ya kwanza nilikuwa nimeitunga mimi mwenyewe, nikiwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa nimewasimanga watu wazima kwa kuivunja. Niliivunja kabla chai yangu haijapoa. Alikuwepo mmoja, jimbo la mbali, muuzaji nisiyemjua. Kwenye picha kona zake zilikuwa kama meno ya mtoto wa miaka saba, zile mpya zinazotoka na makali yake. Bei sitaitaja, Dale anasoma ninachoandika.

Ilifika siku mbili kabla ya sherehe. Niliishika dirishani. Rangi hai, hakuna mkunjo, mgongo mweupe. Castellan amechuchumaa na glavu yake, anatabasamu kama mtu anayejua hatachezeshwa. Nikaifunga kwenye karatasi ya zawadi siku hiyohiyo. Nilikuwa na haraka ya kushinda.

*

Sherehe ilikuwa kwangu. Nilipika pierogi, vimfuko vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, kama za mama, nyama ya nguruwe, kabichi. Ione alikuja na bakuli la saladi yake ya kabichi ingawa nilimwambia kabichi ipo. Baba alivaa tai. Wanangu walikula kama mchwa wakatawanyika. Tukabaki mezani sisi wanne: baba, Ione, Dale na mimi.

Baba alikuwa amekuja na albamu. Aliifungua ukurasa wa mwisho, akaiweka katikati ya meza, kati ya keki na sufuria. Niliona tayari kurasa mbili tatu za mwanzo zilikuwa na nyuso zilizochorwa. Ione akaushika mkoba wake.

Sikumpa nafasi. "Zawadi yangu kwanza," nikasema. "Mimi ndiye mwanawe."

"Lorna," Dale akanong'ona.

Baba akafungua karatasi polepole, anavyofungua kila kitu, bila kuichana. Akaona. Akaondoa miwani, akaivaa tena.

"Castellan," akasema.

"Castellan," nikasema. "Safi. Njoo, shika upande wako."

Ione alipiga makofi. Simsingizii, alipiga makofi kwa moyo mmoja. "Jamani, ni mzuri huyo! Kama katoka dukani!"

Baba hakushika upande wowote. Alitazama kona. Akazitazama mno. Kisha mkono wake wa kulia, bila yeye kuutuma, ukachomoa kadi ya jirani kutoka mfuko wa pembeni, akamlaza Castellan juu yake. Akazisawazisha kwa kidole gumba. Chini ya Castellan, kwenye ukingo wa juu na wa pembeni, ulichungulia mstari mwembamba mweupe wa ile kadi nyingine.

Niliuona kutoka nilipokaa. Baada ya miaka yote ile ningeuona kutoka barabarani.

"Umemnunua wapi?" baba akauliza.

Nikavuta karatasi ya zawadi, nikaikunja.

"Ulimshika kwanza?"

"Nilimwona kwa picha."

"Na alipofika? Hukumlaza?"

Mimi. Bi Rula. Ninayewaaibisha watu mezani kwao. Kadi ilikuwa mikononi mwangu siku mbili nzima, na nyumbani nilikuwa na mrushaji wa Chicago wa seti hiyohiyo mfukoni mwa koti. Ningeweza kuzilaza kwa muda wa kupiga chafya. Sikulaza kwa sababu sikutaka kujua.

"Kuna nini?" Ione akauliza. "Mbona mmenyamaza? Kona zake zote nne zipo."

"Zipo kwa wembe," baba akasema. "Imekatwa."

"Ah, kidogo tu! Nani ataona? Roman, mtoto kakutafutia miaka yote hiyo, wewe unapima pima." Akamwacha baba, akanigeukia. "Mimi naona ni mzuri, mwanangu. Usimsikilize."

Ningependa anicheke. Mtu akikucheka unajua pa kumpiga. Alinitetea, mbele ya baba yangu, kwenye meza yangu, na ndicho kitu kilichonichoma kuliko vyote tangu nimjue.

"Toa wako, Bi Ione," nikasema. "Najua unaye. Toa tumalize."

Akafungua mkoba, akatoa bahasha. Castellan wa Delmar alikuwa na tundu la pini juu ya kofia, selotepu ya zamani iliyogeuka rangi ya chai kwenye pembe mbili, masharubu ya penseli, na neno Detroit limekatwa kwa mstari mmoja wa nguvu. Juu yake, kwa herufi za mtoto anayetoa ulimi akiandika: BENCHI. Dale alicheka kwa sauti. Hata mimi kicheko kiliniponyoka. Mgongo haukuwepo. Selotepu ilipobanduliwa ukutani ilikuwa imechuna maandishi yote, ikabaki karatasi ya kijivu yenye manyoya.

Baba akamlaza juu ya kadi ileile ya jirani. Akasawazisha. Hakuna kilichochungulia. Mbovu kupita kiasi, lakini mzima, kipimo kamili.

"Haya," baba akasema, sauti yake imekuwa nyembamba. "Ione. Mwingize."

Ione hakumchukua. Aliweka mikono yote miwili juu ya mkoba.

"Roman, nimemleta ili mumwone," akasema. "Kumwacha, nimefikiri njia nzima, siwezi."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema. Zile nyingine nimekupa, sijali. Huyu alikuwa juu ya kitanda." Akanitazama mimi, si baba, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Albamu hii ni ya nani ukifa, Roman? Umeniambia mara ngapi? Ni ya Lorna. Kila siku unasema: Lorna na mimi tulianza, Lorna alipata ile, Lorna alikataa ile. Kwenye gari Lorna, kwenye samaki Lorna. Nimekaa na watu miaka mingi, sijawahi kuona mzee anayemsifu binti yake hivi. Nikimweka kaka yangu humo ndani, atakuwa wa Lorna. Na Lorna ataniambia ni takataka."

Baba akarekebisha tai yake. Dale alianza kukusanya sahani zilizokuwa bado na chakula.

Nilimtazama yule mwanamke. Miezi yote ile nilidhani yeye ndiye amekaa kwenye kiti changu. Kumbe kwenye kile kiti cha mbele, njia nzima, alikuwa anasikilizishwa habari zangu.

Naomba nieleweke. Sikumpenda ghafla. Kuna watu huandika kwamba mioyo iliyeyuka, wangu haukuyeyuka. Nilichosikia kilikuwa kitu kingine, kidogo na cha aibu: nilisikia utamu. Alikuwa ananionea wivu. Na kama alikuwa ananionea wivu, basi nilikuwa na kitu.

"Basi mfuko ubaki mtupu," baba akasema. Alizeeka akisema hivyo. Ndipo alipofikisha themanini hasa.

"Haubaki mtupu," nikasema. "Sikuivumilia hiyo nafasi toka utoto nikaja kuivumilia leo. Bi Ione, wako hana mgongo."

"Hana. Ulibaki ukutani. Nyumba yenyewe ilibomolewa."

"Wangu mgongo anao. Safi. Sura yake ndiyo ya uongo." Nikamchukua wangu, nikamgeuza. Maandishi yote yalikuwepo: amezaliwa wapi, kimo chake, mara chache alizopiga mpira na mara nyingi alizoukosa. "Ukimweka wako mbele na wangu nyuma, mgongo kwa mgongo, tuna kadi moja nzima."

"Kadi moja mfuko mmoja," baba akasema mara moja. "Mbili zitabana. Kona zitaumia."

"Wangu hatabana, baba. Amekatwa."

Alinikodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipofikiri analia, alikuwa anacheka, kile kicheko cha chini ya meza kule Monroe. Safari hii nilikuwa upande wa ndani.

"Na wako haachwi," nikamwambia Ione. "Amepangishwa. Siku ukimtaka, unachomoa unaondoka naye, huniombi ruhusa. Nikifa kabla yako, wanangu wataambiwa hivyohivyo. Wana adabu, nimewalea."

"Na hutasema takataka?"

"Nitasema ni mbovu. Ni mbovu, Bi Ione. Nina kazi yangu, siwezi kudanganya. Takataka sitasema."

Alifikiri. Akamtazama Castellan mwenye masharubu. Halafu akamshika upande mmoja, akanisukumia upande mwingine, na wangu nyuma yake. Tukaingiza. Vidole vyetu vilikutana kwenye mdomo wa plastiki na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Baba alishika ukurasa ili usitetemeke. Ndiyo kazi aliyobakiwa nayo, kushika ukurasa, na aliifanya kwa makini kama mtu anayeshika mtoto wakati wa ubatizo.

Castellan wangu aliteleza ndani bila taabu yoyote.

*

Lengo sasa ni la baba. Tunatafuta mbovu. Augie alipoona nainama kwenye sanduku la fungu alidhani nimeangusha hereni. Bado nalaza kila kadi. Mbovu au safi, iliyokatwa haiingii, isipokuwa ile moja. Zile safi zinazotolewa nazihifadhi mimi, nyumbani, na mrushaji wa Chicago yupo nazo. Baba ana lengo lake, na mimi sijasema nimeacha langu.

Macho ya baba yana mtoto wa jicho na daktari amemkataza kuendesha, kwa hiyo mara ya mwisho kwenda Monroe niliendesha mimi. Baba alikaa nyuma na albamu, kiti kizima chake, kama askofu. Ione alikaa mbele kwa sababu ya miguu.

"Mwanangu, pita njia ya mtoni," akasema tulipofika kwenye taa. "Daraja kuu wanalikarabati."

Nikapita daraja kuu. Tukakwama nyuma ya malori, hatuendi mbele wala nyuma, saa nzima, baba anakoroma. Nilingoja aseme. Nilikuwa na jibu tayari. Ione alifungua mkoba, akatoa biskuti mbili, akanipa moja, akatazama malori. Hakusema neno.

Hata hilo nilimwonea wivu.